Kijana Anayeutaka Udaktari na Mambo Yaliyo Nje ya Darasa

Siku moja, baada ya sala ya Alasiri, shemeji yangu alinijia nyumbani, akaketi barazani, akaletewa kahawa, na kahawa ikapoa mbele yake asiiguse. Nilipomwuliza kulikoni, alinijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni: "Bwana shemeji, mwanangu ataka kuuacha udaktari."

Wazee wanaosoma gazeti hili watafahamu uzito wa maneno hayo. Kijana huyu, mpwa wangu, ndiye aliyekuwa tegemeo la nyumba nzima. Tangu kidato cha kwanza hapakuwa na wa kumpita katika hisabati wala kemia. Na baba yake, alipoziona dalili hizo, alimzungushia ukuta. Hakuruhusiwa kuingia chama chochote cha skuli. Wenzake walipokwenda kujifunza huduma ya kwanza, yeye alibaki na kitabu. Wenzake walipotengeneza chombo cha kuchujia maji wakakipeleka kwenye maonyesho ya sayansi, yeye alibaki na kitabu. Bibi yake alipolazwa hospitali siku kumi na moja, kijana alikwenda kumtazama mara moja tu, tena kwa dakika chache, kwa kuwa, kama ilivyosemwa pale nyumbani, "ana mtihani." Alifaulu kwa alama ambazo wengine wetu twazisikia kwa majirani tu. Akaingia chuo, akafaulu mwaka wa kwanza, akafaulu wa pili. Mwaka wa tatu wakaingizwa wodini.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika siku za mwanzo mwanamke mmoja mtu mzima, mgonjwa wa figo, alimshika mkono akalia. Kijana hakujua afanye nini. Akauchomoa mkono wake, akatoka nje, akasimama karibu na ngazi akitetemeka hata mwalimu alipomtuma mtu kwenda kumtafuta. Tangu siku hiyo kila asubuhi ikawa kwake kama kupelekwa gerezani. Nilipokutana naye aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mjomba, figo naijua yote, mishipa yake na kazi yake. Nisilolijua ni neno la kumwambia mtu ambaye figo zake zimekufa."

Huenda nisingeshika kalamu kwa ajili ya habari hii, maana ni ya nyumbani, lau si mdogo wake wa kike. Binti huyu yuko kidato cha tano, asoma masomo yale yale matatu, na mwaka huo aliomba mara mbili aingie klabu ya huduma ya kwanza ya skuli yake. Mara zote mbili baba yake alikataa, kwa hoja ile ile: kilichompeleka skuli ni kusoma. Yeye alikuja kwangu kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Mimi fikira zangu zilimwendea binti.

Yafaa kwanza tuelewe kwa nini wazazi wengi wa kwetu huyaona mambo haya kuwa ni upuuzi, kwani hawana ubaya wowote moyoni. Katika Tanzania mwanafunzi hutoka kidato cha sita na fizikia, kemia na baiolojia, akaingia moja kwa moja katika masomo ya udaktari, ambayo ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Makerere ni miaka mitano, Nairobi ni sita. Mwenye kuchaguliwa huchaguliwa kwa alama za mitihani. Hapana amwulizaye kijana kama amewahi kumlisha mgonjwa uji, au kumfunga bandeji mtoto aliyeanguka, au kukaa na mzee asiyeona. Na jambo lisiloulizwa, mzazi mwenye busara ya kawaida huliweka kando. Hesabu yake ni sahihi kabisa mpaka mlango wa chuo. Makosa ya hesabu hiyo hutokea baadaye, wodini, ambako mzazi hayupo.

Kule Marekani mambo ni kinyume. Huko udaktari hausomwi mara baada ya skuli. Kijana husoma kwanza shahada nyingine ya miaka minne, yoyote aipendayo, huku akichukua masomo ya sayansi yanayotakiwa; kisha hufanya mtihani mkubwa wa kuingilia, ndipo aombe chuo cha udaktari, nacho ni miaka minne mingine. Na katika fomu ya maombi itumiwayo na vyuo vingi hutakiwa aeleze aliyoyafanya nje ya darasa: ana nafasi ya kuandika shughuli mpaka 15, na katika hizo achague tatu alizoziona kuwa na maana kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo vyuo vya huko vimejaa vyama vya wanafunzi wanaojitayarisha kwa udaktari. Kimoja chao, Alpha Epsilon Delta, kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Alabama mwaka 1926. Na chama cha wanafunzi wa udaktari wa nchi nzima kilianza mwaka 1950. Huwa na mihadhara ya jioni, maonyesho ambamo wajumbe wa vyuo vya udaktari huja kujibu maswali, safari za kwenda kujitolea katika nyumba za wazee, na mipango ya kumwandama daktari kazini siku nzima, mwanafunzi akitazama tu na kunyamaza. Ndugu zetu wenye watoto wanaosoma huko na wajue haya mapema, maana kijana akiambiwa habari ya fomu hiyo mwaka wa mwisho amekwisha chelewa.

Lakini tusidhani kuwa kwao ndiko hakuna kasoro. Lenye kuandikwa fomuni hufanywa kwa ajili ya fomu. Watu wa huko wenyewe hulalamika kuwa wako vijana wanaohesabu saa za kujitolea kama mchuuzi ahesabuvyo chenji. Sisi twalijua jina la maradhi hayo, na jina hilo ni riya. Tena maradhi hayo yamevuka bahari yakafika kwetu. Likizo za huko zikifika, vijana wa kigeni ambao hata udaktari wenyewe hawajaanza kuusoma hufika katika hospitali za Afrika ya Mashariki ili wapate la kuandika. Wengi wana adabu njema na hutazama tu. Lakini yametokea, huku kwetu na katika nchi nyingine zilizo kama zetu, ya wengine kushika sindano na uzi, au kusimamia uzazi, mambo ambayo kwao wasingethubutu kuyagusa. Mwaka 2011 jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani ilitoa mwongozo wa kuwaonya wanafunzi kuwa hayo si halali kwao, na kwamba kufanya ugenini jambo usiloruhusiwa kwenu hakukuzidishii sifa, bali kwaweza kukuharibia maombi yako. Nami naongeza kuwa mgonjwa wa Mbagala si daftari la mazoezi la mtu wa popote, wala la mtoto wetu pia.

Kwa hiyo pale kosa ni watu kufanya kwa ajili ya kuonekana, na hapa petu kosa ni watu kutofanya kwa kuwa hapana anayetazama. Ukiniuliza lililo baya zaidi kwa mgonjwa, sitaharakisha kujibu.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo mapya ya kigeni. Siyo. Abu Bakr al-Razi, aliyezaliwa Rayy mwaka 865 na kusimamia hospitali huko na Baghdad, alikuwa akiketi katikati ya majlisi yake, wanafunzi wake wamemzunguka, na nyuma yao wanafunzi wa wanafunzi wake, na nyuma yao wengine tena. Mgonjwa akija, wa kwanza kumsikiliza ni wale wa duara la nje. Wakishindwa humpeleka kwa wale wa ndani. Na hao wakishindwa, ndipo Razi mwenyewe aseme. Ibn al-Nadim ndiye aliyetuhifadhia habari hii. Tazama basi: aliyekuwa mchanga kabisa katika elimu ndiye aliyekutana na uso wa mgonjwa kwanza kuliko wote, akamsikia akieleza maumivu yake kwa maneno yake mwenyewe. Na katika hospitali ya Nuri, iliyojengwa Damascus mwaka 1154, mkuu wa matabibu alikuwa akimaliza kuwazungukia wagonjwa huketi katika ukumbi mkubwa uliokuwa na vitabu vya wakfu, na matabibu na wanafunzi wakaja kusoma na kujadiliana kwa muda wa saa tatu hivi. Ibn al-Dakhwar wa mji huo huo, aliyefariki mwaka 1230, aliitoa nyumba yake kuwa wakfu wa skuli ya tiba. Mwanafunzi wake mmoja, Ibn al-Nafis, ndiye aliyeeleza jinsi damu inavyopita mapafuni, karne tatu kabla ya watu wa Ulaya. Mikutano ya jioni ya wanafunzi, ambayo shemeji yangu huiita "porojo za mabwenini", ina nasaba ndefu kuliko anavyodhani.

Sasa tutazame yaliyopo karibu nasi. Nitaitaja Muhimbili kuwa mfano, kwa kuwa ndiko kulikoanzia mafunzo ya madaktari katika Tanzania: skuli ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, chuo kishiriki mwaka 1991, na chuo kikuu kamili mwaka 2007. Na hapa niruhusiwe kutoka njiani kidogo. Katika hospitali ile liko jengo la wodi liitwalo Sewahaji, na vijana wengi hupita mlangoni pake kila siku wasijue ni nani. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, Mwislamu, aliyefariki mwaka 1897 baada ya kutoa mali yake ili ijengwe hospitali ya wenyeji Dar es Salaam wakati Wajerumani walipokuwa wakitawala. Hakuwa daktari. Hakusoma kemia. Lakini wagonjwa wengi wamelazwa chini ya jina lake kuliko majina ya madaktari wengi.

Wanafunzi wa udaktari wa Tanzania wana chama chao, TAMSA, na chama hicho ni mwanachama wa shirikisho la kimataifa la vyama vya wanafunzi wa udaktari, lililoanzishwa Copenhagen mwaka 1951 na ambalo sasa lina wanachama katika nchi zaidi ya 120. Faida moja ya shirikisho hili ni kubadilishana wanafunzi: kijana wa Dar es Salaam aweza kwenda kukaa wodini katika nchi nyingine kwa muda wa wiki nne, na mwanafunzi wa nchi hiyo akaja kwetu, wanafunzi wenyewe ndio hupokeana, hutafutiana malazi na kuongozana. Wanafunzi wa Muhimbili wana jarida lao pia, la kuchapisha utafiti na makala zao, na kijana anayependa kuandika hupata humo mazoezi ya kusema jambo kwa ushahidi. Uganda na Kenya nao wana vyama vya namna hiyo. Sherehe ya kuvishwa koti jeupe, ambayo siku hizi hufanywa katika vyuo vingi duniani na wazazi hualikwa, ilianzia katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1993. Ni sherehe nzuri ya kupiga picha. Mimi sina neno nayo, ila sioni kuwa humfunza mtu kitu kikubwa.

Ninaloliona kubwa ni lile lifanyikalo chini ya hema, juani, pasina sherehe. Kalenda ya vyuo ina siku zake zinazojulikana: tarehe 24 Machi ya kifua kikuu, 14 Juni ya wachangia damu, 14 Novemba ya kisukari, 1 Desemba ya ukimwi. Katika siku kama hizo wanafunzi hutoa meza na viti, sokoni au katika uwanja wa skuli au msikiti, wakapima watu presha na sukari bure chini ya usimamizi wa madaktari na wauguzi. Twaa habari ya presha. Mwanafunzi amefunzwa kwa Kiingereza. Ajua sababu zake na dawa zake kwa majina marefu. Mbele yake ameketi bibi wa Temeke, kipimo kimesoma 170 juu na 100 chini, na kipimo kinachohesabiwa kuwa cha juu ni kuanzia 140 kwa 90. Bibi yule haumwi na chochote. Amekuja kwa kuwa rafiki yake amekuja. Mwanafunzi atamwambiaje kuwa hali hiyo yaweza kumpooza upande mmoja, na kwamba dawa atakayopewa ataimeza siku zote, hata siku asizoumwa? Akimtisha, bibi hatarudi. Akimfichaficha, bibi atakwenda zake akanunue chumvi.

Hapo ndipo kijana hugundua kuwa lugha yake mwenyewe hakuifunzwa. Mgonjwa hasemi kama kitabu kisemavyo. Husema ana kichomi, ana kiungulia, moyo wamwenda mbio, miguu yamfa ganzi, macho yaona ukungu, tumbo limemfunga. Akisema "kizunguzungu" huenda ana maana ya kichwa kuzunguka, au ya kukosa nguvu, au ya hofu tu. Na tofauti ya hayo matatu ni tofauti ya maradhi matatu. Mzee wa pwani akiona haya hataji mkojo mbele ya kijana wa kike. Atasema "haja ndogo yanisumbua" na kutazama pembeni. Ni mwalimu gani wa baiolojia atamfunza mtoto mambo haya? Meza ile ya Jumamosi humfunza, na ujira wake ni chupa ya maji.

Kabla ya chuo pia ziko njia, na ndizo nilizomweleza shemeji yangu kwa kirefu, maana ndizo zinazomhusu binti. Vijana wa sekondari wa Tanzania wana maonyesho ya kila mwaka ya Young Scientists Tanzania, mpango ulioanza mwaka 2011, ambamo wanafunzi huchagua tatizo la mahali pao, wakalichunguza kwa njia ya sayansi, kisha wakasimama mbele ya waamuzi kutetea waliyoyapata. Kusimama huko kuna faida: daktari asiyeweza kusema "hili nimelikosea" mbele ya watu ni mtu wa kuogopwa.

Kisha ziko klabu za Msalaba Mwekundu maskulini. Baadhi ya Waislamu hulitazama jina kwa wasiwasi. Na wajue kuwa Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, iliyoanzia katika dola ya Uthmaniyya mwaka 1868, ni watu wa chama kimoja duniani. Humo mtoto hujifunza kuzuia damu kwa kubana jeraha kwa nguvu bila kuachia, kumlaza ubavu aliyezimia lakini angali anapumua, na kumfufua ambaye moyo wake umesimama: kukandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima, kisha kumpa pumzi mbili, na mwendo wa kukandamiza ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mambo haya hujifunzwa kwa siku chache. Nyumba yenye mtoto anayeyajua ina amana ambayo haionekani mpaka siku ya kuhitajiwa.

Na iko damu. Kuanzia miaka 18, mwenye uzito usiopungua kilo 50 na afya nzuri aweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mfuko mmoja huwa kiasi cha mililita 450, na kabla ya kutumiwa damu hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini ya aina mbili, na kaswende. Hapana kiwanda kinachotengeneza damu. Wala haiwekwi akiba kama mchele: chembe nyekundu hukaa wiki tano au sita tu. Wanaoingojea ni mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua, na mtoto ambaye malaria imeimaliza yake, na wenye ugonjwa wa selimundu. Asiyetimiza miaka ya kuchangia ana kazi pia: kuandika majina, kumwongoza mtu kitini, kumpa juisi, kumtazama uso asije akaanguka anaposimama. Kazi hii ya mwisho yahitaji macho, na macho hayo ndiyo nusu ya udaktari. Mwezi wa Ramadhani mchana watu wamefunga, lakini usiku ni mrefu. Sioni kwa nini nyua za misikiti yetu, ambazo baada ya Tarawehe hujaa vijana wenye nguvu, zisialike watu wa damu salama.

Kuwa msikiti ni mahali pa kufaa kwa kazi ya afya si ndoto yangu. Uganda kuna jumuiya ya madaktari wa Kiislamu, iliyoundwa mwaka 1988. Wakati ukimwi ulipokuwa ukimaliza watu na wengi wakiona haya hata kuutaja, jumuiya hiyo iliwafunza maimamu na wasaidizi wao, wanaume kwa wanawake, nao wakapeleka mafunzo nyumba kwa nyumba. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na ukimwi liliichapisha kazi hiyo kuwa mfano kwa nchi nyingine. Madaktari wale waliweza kukaa na imamu wa kijijini na kufahamiana naye kwa kuwa hawakuwa wageni wa mkeka wake.

Kuhusu mabinti, najua lililo ndani ya vifua vya wazazi, na sitalifanyia mzaha. Baba huogopa safari za jioni, mchanganyiko usio na haya, na maneno ya watu. Mengine katika hayo yana sababu, na dawa yake ni kuuliza: nani msimamizi, wapi, saa ngapi, nani watarudi pamoja. Chama kisichoweza kumjibu mzazi maswali hayo hakifai kupewa mtoto, wa kike wala wa kiume. Lakini baba huyo huyo mkewe akiugua hutafuta daktari mwanamke, akazunguka nusu ya mji. Atapatikanaje ikiwa kila baba ataka daktari mwanamke atoke katika nyumba ya mwenzake? Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema lake katika Msikiti wa Mtume, Madina, na baada ya vita vya Khandaq humo ndimo alimouguzwa Saad bin Muadh. Hakujificha na elimu yake.

Kwa vijana wenyewe nina maneno mawili ya ukali. La kwanza, simu zenu. Mgonjwa ni siri. Picha ya kidonda, ya kitanda, hata ya jina lililoandikwa kwenye faili, ikipelekwa katika kundi la marafiki imekwisha kuwa ya dunia. Na anayetaka kujipiga picha akiwa amevaa koti jeupe, na akajipige nje ya wodi. La pili, uchoyo wa vyeo. Nimekutana na mwanafunzi aliyekuwa katibu wa vyama vitatu na mweka hazina wa cha nne, na mwaka ule alirudia mitihani. Jambo moja au mawili yatosha, yashikwe kwa miaka, mpaka watu wa pale wamjue kijana kwa jina. Nyumba ya wazee itembelewayo kila mwezi na mtu yule yule ni bora kuliko nyumba kumi zilizotembelewa mara moja na kupigwa picha.

Shemeji yangu alinisikiliza mpaka Magharibi. Hakukubali. Alisema tu kuwa atafikiri, na mwenye kumjua hujua kuwa hilo kwake ni jambo kubwa.

Mpwa wangu hakuacha chuo, ingawa kwa miezi miwili tulikuwa hatujui. Aliyemsaidia si mimi. Ni muuguzi mmoja wa siku nyingi, aliyemwona akijificha karibu na ngazi akamwita, akampa bakuli la uji na kijiko, akamwonyesha kitanda, akamwambia, "Mwanangu, huyu hawezi kunyanyua mkono. Mlishe, wala usimwulize lolote la ugonjwa." Alifanya hivyo kila asubuhi wiki nzima kabla ya saa za masomo. Baadaye mwenzake mmoja akamchukua kwenye meza za Jumamosi. Bado aogopa, asema, lakini siku hizi aogopa akiwa amekaa pale pale.

Na binti aliruhusiwa, kwa sharti kwamba mjomba wake amsindikize siku ya kwanza. Nikamsindikiza. Walikuwa wamepanga meza chini ya mwembe, katika uwanja wa msikiti wa mtaa wa pili. Yeye alipewa daftari la majina akaketi, na kwa muda wa saa nzima hakuinua kichwa. Kaka yake alikuwa meza ya pili, akimfunga mzee mmoja kitambaa cha kipimo mkononi huku akimwuliza habari za wajukuu. Nilipogeuka kutafuta kivuli, nilimwona shemeji yangu kwenye foleni, wa nne, amekwisha kunja mkono wa kanzu.